Mfumo endeshi wa kompyuta na maana halisi ya "sistimu iko chini"

Lori likilala mpakani siku mbili, dereva huambiwa neno moja: sistimu iko chini. Neno hilo limekuwa kama mvua, halina mwenyewe na halidaiwi. Lakini maegesho yanalipiwa, posho ya dereva na utingo inaendelea, na kontena likichelewa kurudishwa kampuni ya meli inahesabu siku zake. Mara nyingine ni kweli kwamba seva ya mamlaka ya mapato imezimika. Mara nyingine kilichokwama ni kompyuta iliyo mezani kwa karani wa wakala: saa yake imerudi nyuma miaka kumi, kivinjari chake kimezeeka, au flashi iliyoleta ankara imekuja na virusi.

Makala haya yanaeleza kinachofanyika ndani ya kompyuta ya kawaida ya ofisi ya biashara, kwa kiasi ambacho mfanyabiashara au msafirishaji anahitaji ili asidanganywe na fundi na asilipie kosa ambalo lingezuilika.

Tabaka tatu

Kompyuta ina tabaka tatu. La chini ni mtambo wenyewe: prosesa inayopiga hesabu, kumbukumbu ya muda ambayo mafundi huiita ramu, diski inayotunza kazi hata umeme ukikatika, pamoja na skrini, kibodi na printa. La juu ni programu tumizi, zile ambazo mtumiaji anafanyia kazi: Word kwa barua, Excel kwa mahesabu, Chrome au Firefox kwa kufungulia tovuti, programu ya uhasibu. Katikati ndipo ulipo mfumo endeshi. Katika ofisi nyingi za ukanda huu ni Windows. Kompyuta za Apple zina macOS. Seva nyingi duniani zinatumia Linux. Simu nyingi zina Android, ambayo nayo ndani yake ina kiini cha Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki.

Kazi ya mfumo endeshi inafanana na ya msimamizi wa yadi kwenye bandari kavu. Malori yote yanataka kreni ileile, nafasi ni chache, na kila dereva anadhani mzigo wake ndio wa haraka. Msimamizi hamiliki mzigo wowote. Anagawa zamu, anaandika nani ameweka nini wapi, na anazuia asiye na kibali asifungue kontena la mwenzake. Mfumo endeshi nao hugawa zamu za prosesa, hugawa nafasi ya ramu, huandika faili lipi limekaa sehemu ipi ya diski, na huamua mtumiaji gani anaruhusiwa kufungua nini.

Kila kifaa kinachochomekwa kinahitaji programu ndogo ya kukifasiria, iitwayo draiva. Printa ya risiti iliyonunuliwa Kariakoo au Gikomba bila draiva ya toleo sahihi la Windows ni sawa na lori bila dereva: injini ni nzima lakini haliendi popote. Ndiyo sababu printa iliyofanya kazi vizuri kwenye Windows 7 inaweza kugoma kabisa kwenye Windows 11, na fundi akabadilisha waya mara tatu bila faida. Jambo la kwanza kuangalia ni kama mtengenezaji ametoa draiva ya toleo hilo. Kama hakutoa, printa imefika mwisho wake kwa kompyuta hiyo, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kununua.

Baadhi ya programu hukaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo endeshi, na huko kosa dogo huangusha mtambo mzima. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ya Marekani ilituma sasisho lenye kasoro. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Ndege zilibaki chini, hospitali na benki zikasimama. Tiba ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza: kuwasha kila kompyuta kwa hali ya usalama na kufuta faili moja. Mahali ambapo wataalamu wako mbali na kompyuta, kazi hiyo ilichukua siku.

Programu ya forodha iko wapi

Wengi hudhani programu ya forodha imo ndani ya kompyuta ya karani. Haimo. ASYCUDA, ambayo UNCTAD ilianza kuitengeneza mwaka 1981, hukaa kwenye seva za mamlaka husika. Toleo lake la ASYCUDA World limetumika Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Kongo, ambako kwa Kifaransa huitwa SYDONIA. Kenya ilianza Simba mwaka 2005 na baadaye ikahamia iCMS. Tanzania ilianza kutumia TANCIS mwaka 2014. Kompyuta ya wakala ni dirisha tu la kutazamia huko.

Hata hivyo dirisha nalo lina masharti yake. ASYCUDA World iliandikwa kwa lugha ya Java, na kwa miaka mingi kompyuta ya wakala ilitakiwa iwe na Java, tena ya toleo lililokubaliwa. Karani aliyekubali kila sasisho lililojitokeza aliweza kuamka asubuhi akakuta kadhia hazifunguki, ilhali mwenzake wa jengo jirani anaendelea na kazi. Tovuti nyingi za miaka ya 2000, za serikali na za benki, zilitengenezwa kwa ajili ya Internet Explorer pekee. Chrome iliacha kupokea programu za Java ndani ya kivinjari mwaka 2015, Firefox ikafuata mwaka 2017, na Internet Explorer 11 ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022. Anayelazimika kufungua tovuti ya zamani ya namna hiyo hana haja ya kutafuta kompyuta ya kale: kivinjari cha Edge kina hali maalumu ya kuiga Internet Explorer, ambayo Microsoft imeahidi kuitunza angalau hadi 2029.

Saa iliyorudi nyuma

Hili ni kosa dogo kuliko yote katika makala haya, na huenda ndilo linalopoteza muda mwingi kuliko yote.

Kompyuta inapozimwa, saa yake inaendeshwa na betri ndogo ya duara, kwa kawaida aina ya CR2032, ileile inayopatikana kwenye maduka ya saa. Kompyuta za mitumba zinazoingia kutoka Ulaya, Dubai na Marekani mara nyingi zina betri iliyochoka. Umeme ukikatika usiku, asubuhi kompyuta inaamini kwamba ni mwaka 2009 au 2015. Excel itafunguka, Word itafunguka, lakini tovuti ya forodha, ya benki na hata barua pepe zitakataa, zikisema muunganisho si salama.

Sababu yake inaeleweka. Tovuti yenye usalama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kama bima ya gari. Kompyuta hulinganisha tarehe hizo na saa yake. Ikiwa saa inasema 2009 na cheti kimeanza mwaka huu, cheti kinaonekana bado hakijazaliwa, na kivinjari kinafunga mlango. Karani akiona maneno ya onyo mekundu anasema sistimu iko chini. Dawa ni kutazama kona ya chini kulia ya skrini, kusahihisha tarehe na mwaka, na kununua betri mpya.

Kwa wanaofanya kazi mipakani kuna la ziada. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa moja mbele ya Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo na Zambia. Simu iliyowekwa ijichukulie saa kutoka kwenye mtandao inaweza kubadilika pale Rusumo, Kobero au Tunduma kwa kunasa mnara wa upande wa pili. Dereva aliyeambiwa ofisi inafungwa saa kumi na moja jioni hana budi kuuliza ni kumi na moja ya nchi gani. Kompyuta ya ofisi iwekwe eneo la saa la nchi ilipo, si kusogezwa mshale kwa mkono: anayesogeza saa bila kubadilisha eneo anaifanya kompyuta iandike muda wa uongo kwenye barua pepe na mafaili, na ugomvi wa nani alituma nini saa ngapi ukitokea, ushahidi wake utamgeuka.

Ili kujua kama tatizo ni la seva au la kompyuta, njia ya haraka ni kufungua tovuti ileile kwa simu yenye bando la kampuni nyingine ya simu. Ikifunguka, seva iko hai. Kisha kompyuta hiyohiyo ifungue tovuti nyingine yoyote. Zikikataa zote, tatizo ni mtandao wa ofisi. Ikikataa moja tu kwenye kompyuta na kufunguka kwenye simu, aangaliwe saa, kivinjari na Java. Ikikataa kila mahali, hapo wakala anasema kweli.

Namba zinazobadilika zenyewe

Wafanyabiashara wengi hulaumu Excel kwa makosa ambayo chanzo chake kiko chini zaidi, kwenye mipangilio ya eneo ya Windows. Mfumo endeshi ndio unaoziambia programu tarehe inaandikwaje na alama ya desimali ni ipi.

Kompyuta iliyowekewa Windows ya Kiingereza cha Marekani bila kubadilisha eneo inasoma mwezi kwanza. Karani akiandika 05/08/2025 akimaanisha tarehe 5 Agosti, kompyuta inahifadhi 8 Mei. Akiandika 13/08/2025, kompyuta haioni mwezi wa 13, kwa hiyo inaacha maandishi kama yalivyo. Matokeo ni safu moja yenye tarehe za aina mbili: nusu zimegeuzwa na nusu si tarehe kabisa. Hesabu ya siku za kontena bandarini au ya kuisha kwa kibali inatoka na majibu ya ajabu, na anayetazama kwa macho haoni kasoro kwa sababu maandishi yanafanana. Ishara moja husaidia: kwa kawaida Excel huegemeza tarehe halisi upande wa kulia wa kisanduku, na maandishi upande wa kushoto. Safu ikiwa na mchanganyiko, mipangilio ya eneo haiko sawa.

Kwa desimali, mpaka wa kompyuta unafuata mpaka wa lugha. Mfanyabiashara wa Kigoma anaandika 1,250 akimaanisha elfu moja mia mbili na hamsini. Mwenzake wa Bujumbura au Bukavu mwenye kompyuta ya Kifaransa anaandika koma pale wa Kigoma anapoandika nukta. Kwake 1,250 ni moja na robo. Faili la kawaida la Excel likitumwa kama lilivyo halina shida, kwa kuwa ndani yake namba imehifadhiwa kwa namna moja na kila kompyuta huionyesha kwa desturi ya mwenyewe. Hatari inakuja pale namba zinaponakiliwa kutoka kwenye barua pepe au WhatsApp, au faili linapotumwa kama CSV, ambalo ni maandishi matupu. Tani 1,250 zikasomwa tani moja na robo, au kinyume chake, na ankara ikapigwa hivyo, forodha hawatasikiliza habari za koma. Kwenye mawasiliano na upande wa Kifaransa ni salama zaidi kuandika 1250 bila alama yoyote, na kutaja uzito kwa kilo nzima badala ya tani zenye desimali.

Sifuri za mbele nazo hupotea. Kahawa mbichi ambayo haijakaangwa iko kwenye kifungu 0901.11 cha orodha ya kimataifa ya bidhaa. Ikiandikwa kwenye kisanduku cha kawaida inageuka 901.11, kwani kwa kompyuta sifuri ya mbele haina thamani. Namba ya simu inayoanza na 07 inapoteza sifuri. Namba ndefu yenye 255 mbele inaonekana kama 2.55E+11. Tena Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Zinazozidi hapo hugeuzwa kuwa sifuri moja kwa moja na hazirudi. Namba za kumbukumbu za malipo, za akaunti na za mizigo ziwekwe kwenye safu iliyopangwa kuwa maandishi kabla ya kuandika, si baada.

Makosa haya hayachagui wadogo. Mwaka 2020 mamlaka ya afya ya Uingereza ilipoteza kwa siku kadhaa taarifa za wagonjwa 15,841 wa Covid kwa sababu mfumo wake ulikusanya data kwenye aina ya zamani ya faili la Excel, ile ya .xls, yenye mwisho wa mistari 65,536. Aina mpya ya .xlsx, iliyokuja na Excel 2007, inafika mistari 1,048,576. Mhasibu anayetunza mauzo ya miaka mingi kwenye .xls angefanya vema kulihifadhi upya.

Uzito wa kompyuta

Kompyuta "nzito" kwa kawaida haina virusi. Ina ramu ndogo. Ramu ikijaa, mfumo endeshi huanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski na kuirudisha inapohitajika, kama duka lisilo na rafu za kutosha linalokimbilia stoo ya mbali kwa kila mteja. Kwenye diski ya zamani inayozunguka, safari hizo ni za polepole mno. Kompyuta yenye ramu ya GB 4 inayofungua kivinjari chenye kurasa ishirini, WhatsApp na programu ya uhasibu kwa pamoja itasota tu.

Kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD na kuongeza ramu kufika GB 8 hufufua kompyuta nyingi za miaka iliyopita kwa gharama ndogo kuliko kununua nyingine. Fundi anayependekeza "kupiga Windows upya" kila baada ya miezi mitatu anauza kazi ileile mara nyingi.

Umeme nao una lake. Kilicho kwenye ramu hupotea mara umeme unapokatika. Kilichohifadhiwa kwenye diski hubaki. Lakini mfumo endeshi huchelewesha kidogo kuandika kwenye diski ili kuharakisha kazi, kwa hiyo kuzimika ghafla kunaweza kuharibu hata faili lililokwisha kuhifadhiwa, na pia orodha ya diski nzima. Kompyuta ya mezani bila UPS katika mji wenye mgao wa umeme ni uamuzi wa kupoteza data, ila tarehe yake haijulikani.

Flashi na ankara bandia

Kirusi kinachojulikana zaidi kwenye ofisi za mawakala na steshenari ni kile kinachogeuza mafolda ya flashi kuwa vijinjia vyenye mshale mdogo. Mafaili hayajafutwa. Yamefichwa, na mahali pake pamewekwa njia ya mkato yenye jina lilelile. Mtumiaji akibofya, kirusi kinaamka kwanza kisha folda halisi linafunguliwa, hivyo haoni tofauti na flashi inaendelea kuambukiza kompyuta inayofuata. Kufomati flashi si lazima. Kompyuta isafishwe kwanza kwa kinga ya virusi iliyosasishwa, kwani ikiachwa itaambukiza tena; halafu, ikiwa flashi imepewa herufi E, iandikwe amri hii kwenye dirisha la amri la Windows:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yatatokea, na vijinjia vifutwe.

Njia nyingine ni barua pepe. Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho za jina la faili, zinazoonyesha ni la aina gani. Kiambatisho chenye jina ankara.pdf.exe huonekana kama ankara.pdf tu, pengine na picha ya hati nyekundu kando yake, kumbe ni programu inayosubiri kubofywa. Mipangilio ya mafolda ina sehemu ya kuonyesha herufi hizo, na kila karani anayepokea ankara za nje angewashiwa. Aidha, karani asitumie akaunti ya msimamizi kwa kazi za kila siku. Kirusi hupata mamlaka ya aliyekibofya. Akiwa mtumiaji wa kawaida, kitaharibu vyake, na kitashindwa mengi ya wengine.

Sasisho na Windows 10

Kila mfumo endeshi una matundu ambayo hugunduliwa baadaye, na mtengenezaji huyaziba kwa sasisho. Siku anapoacha kuziba, kompyuta inaendelea kuwaka kama kawaida, ila matundu mapya yanabaki wazi na wahalifu wanayajua. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Hili la mwisho limegusa ofisi nyingi, kwa kuwa Windows 11 haikubali kila kompyuta. Inataka ramu ya GB 4, diski ya GB 64, chombo cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 na kuendelea. Kompyuta za mitumba zenye Intel ya kizazi cha 4 au cha 6 hazifiki. Anayenunua mtumba aulize kizazi cha prosesa kama anavyouliza mwaka wa gari. Muuzaji anayejibu tu kwamba ni "Core i5" hajajibu.

Microsoft iliweka muda wa nyongeza. Watumiaji binafsi wa Windows 10 walipewa sasisho za usalama hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayeingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yake huko. Kwa makampuni bei ilianza dola 61 kwa kompyuta kwa mwaka wa kwanza, ikiongezeka maradufu kila mwaka, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Kwa kampuni ndogo ya usafirishaji yenye kompyuta sita, hesabu ya miaka mitatu inazidi kwa mbali thamani ya mitumba hiyo yenyewe.

Windows isiyo na leseni, inayowekwa na fundi kwa bei ya soda, ni suala jingine. Programu ya kuvunjia leseni hutaka kwanza kinga ya virusi izimwe, kisha hupewa mamlaka ya msimamizi. Hakuna anayejua ndani yake mna nini. Kompyuta hiyohiyo ndiyo inayoingizwa neno la siri la forodha na la benki.

Kilichoikuta Maersk

Kwa wasafirishaji, mfano mkubwa zaidi ni wa 27 Juni 2017. Programu haribifu iliyoitwa NotPetya iliingia kupitia sasisho la programu ya uhasibu ya Ukraine, M.E.Doc, iliyotumiwa na kampuni nyingi zinazolipa kodi nchini humo. Maersk, kampuni kubwa ya makontena ya Denmark, ilikuwa nayo. Uharibifu ulisambaa kwa kutumia tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba Machi mwaka huohuo, pamoja na maneno ya siri yaliyochotwa kutoka kwenye kumbukumbu za kompyuta, hivyo hata zilizosasishwa hazikupona zote.

Malango ya baadhi ya vituo vyake vya bandari yalifungwa na foleni za malori zikajipanga nje, madereva wakiwa na hati ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma. Mwenyekiti wa kampuni hiyo wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alieleza mwaka 2018 kwamba seva 4,000 na kompyuta 45,000 ziliwekwa upya kwa siku kumi. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Sehemu inayohusu Afrika ilielezwa na jarida la Wired mwaka 2018. Seva zinazotunza orodha ya watumiaji wote wa kampuni, ambazo bila hizo huwezi kujenga chochote upya, zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, na zote zilifutwa kwa pamoja. Ilibaki moja tu, Ghana. Umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio, seva ikawa nje ya mtandao. Mtandao wa Ghana ulikuwa wa polepole mno kutuma data hiyo Uingereza, na hakuna mfanyakazi wa pale aliyekuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja akaruka hadi Nigeria na diski, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, na huyo akaipeleka London.

Nakala zinazonakiliana zote kwenye mtandao mmoja, kwa hesabu hiyo, ni nakala moja. Ofisi ndogo haihitaji seva: diski ya nje inayochomekwa kila Ijumaa, ikanakiliwa mafaili ya kadhia, ankara na hesabu, kisha ikachomolewa na kupelekwa jengo jingine, inafanya kazi ambayo Maersk ilifanyiwa na mgao wa umeme.

Linux na Kiswahili

Kompyuta isiyofikia Windows 11 inaweza kuendelea kupata sasisho za usalama bila malipo ikiwekewa Linux. Ubuntu, mojawapo ya matoleo yanayojulikana, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Inakuja na LibreOffice, ambayo hufungua mafaili ya Word na Excel, ingawa majedwali yenye amri za kujiendesha huweza kuvurugika. Kabla ya kuhama ni lazima kuhakikisha kwamba printa, mashine ya risiti za kodi na programu ya uhasibu zinakubali; kwa ofisi nyingi mashine ya risiti ndiyo inayoamua.

Lugha si kizuizi kipya. Mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili Desemba 2004, na baadaye Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili kwa Windows. Vinatumika kidogo, hasa kwa sababu mafundi walijifunza kwa Kiingereza na hawajui kitufe kinachoitwaje.

Simu ya dereva

Simu ya Android ni kompyuta kamili na inazeeka haraka zaidi, kwa kuwa sasisho zake hutegemea mtengenezaji wa simu. Mwanzoni mwa 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zenye Android 4.4 na za chini yake. Dereva mwenye simu hiyo alijikuta hawezi kutuma picha ya hati akiwa njiani. Toleo la Android huonekana kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, na simu za zamani zipimwe hapo kabla ya kupewa safari ndefu. Programu za simu zipakuliwe kutoka Play Store, si kwa faili lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp la madereva, na programu ya mkopo inayoomba kusoma ujumbe na orodha ya majina isiwekwe kwenye simu inayopokea fedha za safari.

Simu ikipotea Kasumbalesa au Mariakani, mwenye kampuni anaweza kuifunga au kuifuta kwa mbali kupitia akaunti ya Google iliyowekwa ndani yake, mradi neno la siri la akaunti hiyo liko ofisini pia na simu bado ina mtandao.